Maswali ya Wasomaji: Jinsi ya Kupima Mshiko wa Sitokini na Vipokezi Vyake

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinahusu jambo moja: sitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga huzitumia kupelekeana habari, hushika kipokezi chake kwa nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo hupimwaje maabarani. Tumechagua barua zinazouliza mambo anayokutana nayo mtu akiwa tayari na sampuli mkononi.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nimesoma makala mbili kuhusu sitokini iitwayo interlukini-2. Moja inasema KD yake na kipokezi ni nanomola 10, nyingine inasema ni pikomola 10. Tofauti ni mara elfu moja. Ni maabara ipi iliyokosea?

Jibu: Ndugu msomaji, yawezekana zote mbili zimepima vizuri, ila hazikupima kitu kimoja. Kipokezi cha interlukini-2 kimeundwa na minyororo mitatu ya protini: alfa, beta na gama. Alfa ikiwa peke yake huishika interlukini-2 kwa KD ya nanomola 10 hivi. Beta na gama zikiwa pamoja bila alfa hufikia nanomola 1 hivi. Na zote tatu zikikutana juu ya utando wa seli moja, KD hushuka hadi pikomola 10 hivi. KD ni ukolezi ambao nusu ya vipokezi huwa vimeshikwa, kwa hiyo kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mshiko unavyokuwa na nguvu. Bila shaka makala yako ya kwanza ilitumia alfa iliyosafishwa, au seli zenye alfa pekee, na ya pili ilitumia seli hai za T zilizoamshwa, ambazo hubeba minyororo yote.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu jambo lenye utajiri zaidi limefichika ndani ya KD yenyewe. Namba hiyo ni matokeo ya kugawanya kasi ya kuachia kwa kasi ya kushika. Mwaka 1987 Wang na Smith walizipima kasi hizo mbili kando kando kwenye seli, wakakuta kwamba alfa huishika interlukini-2 upesi sana na kuiachia upesi vilevile, katika muda wa sekunde, ilhali beta hushika polepole na kuachia polepole, kwa makumi ya dakika. Kipokezi kamili hushika kwa wepesi wa alfa na kuachia kwa uzito wa beta. Huwezi kulijua hilo kwa kuitazama pikomola 10 peke yake, hata ukiitazama mwaka mzima. Ndiyo maana, kila ninapopitia kazi ya mwanafunzi, mimi hutafuta kwanza kasi ya kushika na kasi ya kuachia, kisha huuliza ni minyororo ipi ya kipokezi iliyokuwapo, na iliwekwa wapi. KD huja baada ya hayo.

Swali: Mtaalamu, taasisi yetu imepata kifaa kinachotumia plasmoni za uso wa dhahabu. Naomba unieleze kinapima nini hasa, na kama ni bora kubandika kipokezi kwenye chipu au kubandika sitokini.

Jibu: Chipu ya kifaa hicho ni kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba, unene wake ukiwa takriban nanomita 50. Mwanga hupigwa kutoka upande wa kioo kwa pembe ambayo huurudisha wote, isipokuwa kwenye pembe moja mahususi ambapo nishati yake humezwa na elektroni za dhahabu (mtikisiko wao wa pamoja ndio plasmoni) na mwanga unaorudi hupungua ghafla. Pembe hiyo hutegemea kilichopo upande wa pili wa dhahabu, kwenye kimiminika. Protini ikitua pale, pembe husogea. Ikiondoka, pembe hurudi. Msingi wake wa kifizikia ulielezwa mwaka 1968 na watafiti wa Ujerumani, Otto kwa upande wake na Kretschmann na Raether kwa upande wao. Mwaka 1983 Liedberg, Nylander na Lundström wa Sweden wakaonyesha kuwa unaweza kutumika kama kihisio cha kibayolojia. Na mwaka 1990 kampuni ya Pharmacia Biosensor, ambayo baadaye iliitwa Biacore, ikatoa kifaa cha kwanza cha kuuzwa. Kwa protini, vipimo 1,000 vya kifaa hicho ni sawa na takriban nanogramu 1 kwa kila milimita moja ya mraba.

Faida yake kubwa ni kwamba protini haihitaji kupakwa rangi wala kutiwa mnururisho, na unauona mshiko ukitokea. Unapopitisha sitokini juu ya kipokezi, mstari hupanda kwa mkunjo hadi utulie; unaporudisha bafa tupu, yaani kimiminika cha chumvi kisicho na sitokini, mstari huanza kushuka. Upandaji huchanganya kasi zote mbili, ya kushika na ya kuachia. Ushukaji ni wa kuachia peke yake. Kwa hiyo soma ushukaji kwanza, na uupe muda wa kutosha. Kama kasi ya kuachia ni 0.0001 kwa sekunde, mstari utahitaji dakika 8 na nusu hivi ili ushuke kwa asilimia 5 tu. Kama ni 0.00001, utahitaji karibu dakika 85. Mtu anayetazama ushukaji kwa dakika 3, kisha akaandika kasi ya kuachia ya 0.00001, ameandika alichokisia programu ya kompyuta.

Kuhusu kipi kibandikwe, hesabu vichwa kwanza. Interlukini-2 ni molekuli moja yenye uzito wa takriban kilodaltoni 15.5, unaweza kubandika kipokezi na kuipitisha juu yake bila wasiwasi mkubwa. Lakini interferoni-gama na interlukini-10 hutembea mbili mbili, na sitokini iitwayo TNF ni tatu zilizoungana. Ukizipitisha juu ya chipu iliyojaa vipokezi, molekuli moja itashika vipokezi viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na kuachia kutaonekana kuwa kwa polepole kupita kiasi, kama mtu anayening'inia tawini kwa mikono yote miwili: mkono mmoja ukiteleza, wa pili humshikilia hadi ule wa kwanza urudi. Nguvu utakayoipata hapo ni ya mishiko mingi kwa pamoja, wala si ya mshiko mmoja. Kwa protini za namna hiyo, ibandike sitokini na upitishe kipokezi kilicho kimoja kimoja. Tahadhari hiyo hiyo inahusu vipokezi vinavyonunuliwa vikiwa vimeunganishwa na mkia wa kingamwili, kwa sababu mkia huo huviunganisha viwili viwili. Vinafaa kushikiliwa kwenye chipu kwa kutumia mkia huo. Kuvipitisha juu ya sitokini iliyobandikwa ni kujitafutia kosa lile lile.

Bandika kidogo. Hili nalirudia kwa sababu kishawishi cha kutafuta mstari mrefu wenye kupendeza ni kikubwa. Chipu ikijaa, sitokini inayoachiwa hudakwa na kipokezi cha jirani kabla haijachukuliwa na mkondo, na sitokini inayoshika upesi sana, kama inavyofanya interlukini-2 kwa alfa, huisha karibu na uso wa chipu upesi kuliko inavyofika. Jaribio la kulitambua hili ni jepesi: rudia ukolezi ule ule kwa mkondo wa mikrolita 30 kwa dakika, kisha kwa mikrolita 100. Mwinuko wa mwanzo ukibadilika, unapima usafiri wa protini, si mshiko wake. Fanya pia hesabu ya kiwango cha juu kinachotarajiwa. Ukibandika vipimo 100 vya kipokezi chenye uzito mara mbili ya sitokini, na mshiko ni wa mmoja kwa mmoja, mstari hauwezi kuvuka 50. Ukifika 120, kuna protini zilizogandana, au kuna kitu kinachonata mahali pasipostahili. Kemokini, yaani sitokini zinazoelekeza seli mahali pa kwenda, hasa zina tabia hiyo, kwa kuwa zina chaji chanya nyingi na dekstrani, ile sukari ya minyororo mirefu inayofunika chipu za kawaida, ina chaji hasi; kuongeza chumvi kwenye bafa, au kuchagua chipu yenye chaji ndogo, hupunguza tatizo.

Baada ya kila mzunguko utahitaji kukiosha kipokezi ili kianze upya, mara nyingi kwa glisini yenye asidi. Vipokezi vingine huvumilia, vingine hufa kidogo kidogo. Pitisha ukolezi mmoja mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kazi. Mistari hiyo mitatu isipolingana, kazi yote ya katikati ina shaka. Vipo pia vifaa vya ncha ya nyuzi za kioo, ambavyo hutumbukizwa ndani ya visima vya sahani na kusoma mwingiliano wa mwanga mweupe. Ni vyepesi kutumia na havizibi, lakini havina mkondo halisi, kwa hiyo tatizo la sitokini kudakwa tena huwa kubwa zaidi.

Swali: Ndugu Mhariri, tukichanganya sitokini na kipokezi kwa saa moja tunapata KD ya pikomola 240. Tukiacha mchanganyiko usiku kucha tunapata pikomola 100. Mkuu wa maabara anasema protini inaharibika usiku. Je, ni kweli?

Jibu: Protini iliyoharibika kwa kawaida ingeonekana kushika kwa udhaifu zaidi, nanyi mmeona kinyume chake. Maelezo yanayokubaliana na namba zenu ni kwamba saa moja haitoshi kufikia msawazo, yaani hali ambapo kushika na kuachia vinalingana. Chukua mshiko wenye kasi ya kushika ya milioni moja kwa mola kwa sekunde na kasi ya kuachia ya 0.0001 kwa sekunde. KD yake ya kweli ni pikomola 100. Kwa ukolezi huo wa pikomola 100, nusu ya safari ya kuelekea msawazo huchukua dakika 58 hivi, na ili ukaribie mwisho wake unahitaji nusu tano za namna hiyo, karibu saa 5. Kwa ukolezi wa pikomola 10 mambo ni mazito zaidi: unahitaji karibu saa 9. Ukipima baada ya saa moja, vikombe vyenye ukolezi mdogo ndivyo vinavyochelewa zaidi, grafu nzima husogea upande wa ukolezi mkubwa, na KD inayosomeka ni pikomola 240 hivi, kama yenu.

Pimeni kwa saa 2, 4, 8 na 16, na mchukue muda ambao baada yake jibu halibadiliki tena. Mkihofia uharibifu, wekeni kikombe cha sitokini iliyokaa peke yake muda wote huo, kisha muilinganishe na ile iliyotoka kwenye friji.

Kagueni pia kiasi cha kipokezi mlichotumia. Kipokezi kikiwa kingi, kinameza sehemu kubwa ya sitokini, na ukolezi ulioandikwa kwenye kikombe si ule ulio huru ndani yake. Nusu ya vipokezi itashikwa pale ambapo sitokini yote iliyowekwa ni sawa na KD ikijumlishwa na nusu ya ukolezi wa kipokezi. Mkiweka kipokezi cha pikomola 500 mahali ambapo KD ni 100, mtasoma 350, hata mkisubiri wiki nzima.

Swali: Sisi hatuna vifaa hivyo vya gharama. Tunayo sahani ya visima 96, kingamwili yenye kimeng'enya, na msomaji wa rangi. Tunaweza kupata KD?

Jibu: Mnaweza kupanga protini kwa daraja, yaani kujua ni ipi inashika kwa nguvu kuliko nyingine, na kazi hiyo ina thamani. Sikushauri uiite namba hiyo KD. Sahani huoshwa mara kadhaa kabla ya kusomwa, na kila mwosho huondoa kwanza mishiko inayoachia upesi; mshiko wa alfa na interlukini-2, unaodumu sekunde tu, unaweza kutoweka wote. Njia bora kwa sahani hiyo hiyo ni kuchanganya sitokini na kipokezi ndani ya mirija hadi msawazo ufikiwe, kisha kuumimina mchanganyiko kwa dakika chache tu juu ya visima vilivyopakwa kipokezi kidogo, ili visima vinase sitokini ile tu iliyobaki huru. Hapo unapima kilichotokea ndani ya kimiminika, na sahani inabaki kuwa chombo cha kuhesabia.

Swali: Je, kalorimita inayopima joto la mshiko inafaa kwa sitokini?

Jibu: Inafaa pale unapotaka kujua molekuli ngapi zinashikana na ngapi, na kama mshiko unaongozwa na joto au na mpangilio. Haihitaji kubandika chochote. Gharama yake ni protini nyingi, na kwa mishiko iliyo chini ya nanomola 1 grafu huwa wima kiasi kwamba KD haisomeki moja kwa moja, ingawa idadi ya washirika husomeka vizuri. Hakikisha sitokini na kipokezi vimekaa katika bafa moja kabisa, kwa sababu tofauti ndogo ya chumvi hutoa joto linaloweza kuuficha mshiko.

Swali: Mwalimu, kwa nini wazee wa fani hii walitumia iodini yenye mnururisho, na je, kuna sababu yoyote ya kuendelea nayo leo?

Jibu: Walihitaji kuhesabu vipokezi mamia au maelfu machache juu ya seli moja, na mnururisho huonekana hata ukiwa kidogo sana. Mwaka 1981 Robb, Munck na Smith walionyesha kwa sitokini iliyotiwa alama ya mnururisho kwamba seli za T zilizoamshwa zina vipokezi mahususi vya interlukini-2, na mnyororo gama ulikuwa bado haujatambuliwa. Jeni lake lilipatikana mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikagundulika kwamba kasoro za jeni hilo husababisha upungufu mkali wa kinga kwa watoto wa kiume.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Seli huchanganywa na sitokini yenye iodini-125, ambayo nusu-uhai wake ni takriban siku 60, kwenye nyuzi joto 4. Baridi hiyo ni ya lazima, kwa maana kwenye nyuzi 37 seli huvuta kipokezi pamoja na sitokini yake hadi ndani, na kilichomezwa hakiwezi tena kuachiwa. Kisha seli huzungushwa kwa mashine kupitia tabaka la mafuta yaliyochaguliwa kwa uzito wake: seli hupenya hadi chini, kimiminika chenye sitokini huru hubaki juu, ncha ya mrija hukatwa na kuhesabiwa. Utenganisho huchukua muda mfupi, hivyo mishiko mepesi huokoka. Mirija mingine ya pembeni hupewa sitokini isiyo na alama kwa wingi wa mara 100 au zaidi. Kinachoendelea kunata humo si kipokezi, nacho hutolewa kwenye hesabu.

Matokeo yalichorwa kwa njia ya Scatchard ya mwaka 1949, ambayo hugeuza data kuwa mstari ulionyooka, mwinamo wake ukitoa KD na mahali unapokata mhimili ukitoa idadi ya vipokezi. Leo kompyuta hulinganisha mkunjo halisi bila kuunyoosha, na ni vizuri zaidi, kwa kuwa kunyoosha huyakuza makosa ya ukolezi mdogo. Hata hivyo mimi huchora Scatchard ya kutazama tu: ikijipinda, mara nyingi kuna aina mbili za vipokezi, na macho huliona hilo haraka.

Sababu ya kuendelea na njia hiyo bado ipo. Kifaa cha chipu hutumia kipande cha nje cha kipokezi kilichokatwa kutoka kwenye utando, na vipokezi vya kemokini, vinavyopita utando mara saba, havikubali kukatwa hivyo kwa urahisi. Kwa hivyo seli nzima au vipande vya utando wake hubaki kuwa mahali pa kweli pa kupimia. Anayeweza kutumia sitokini yenye rangi ing'aayo na saitometa, kifaa kinachosoma mng'ao wa seli moja moja, ataepuka mnururisho, alimradi athibitishe kwamba rangi hiyo haikukaa pale pale sitokini inaposhikia.

Swali: Tumetengeneza aina mpya ya sitokini. Inashika kipokezi kwa nguvu mara kumi kuliko ile ya asili, lakini seli haziitikii. Tumekosea wapi?

Jibu: Huenda kipimo chenu cha mshiko hakina kosa lolote. Sitokini nyingi hufanya kazi kwa kuleta minyororo miwili pamoja, na kushika mmoja kwa nguvu hakumwiti wa pili. Mfano uliothibitika ni kizuizi cha asili cha interlukini-1: hushika kipokezi kile kile, kwa nguvu kubwa, lakini umbo lake halimruhusu mnyororo msaidizi kujiunga, na ishara haianzi. Dawa ya anakinra imejengwa juu ya tabia hiyo. Upande wa pili, mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza aina ya interlukini-2 iliyobadilishwa ili ishike beta kwa nguvu zaidi, nayo iliamsha seli bila kuhitaji alfa. Nguvu iliyoongezwa mahali pengine ilizima, na mahali pengine iliwasha.

Pimeni kila mnyororo kando, halafu pimeni yote pamoja: bandikeni mnyororo wa kwanza, pitisheni sitokini yenu hadi ujae, kisha pitisheni mnyororo wa pili juu yake mkiwa bado mnapitisha sitokini. Mstari usipopanda mara ya pili, mmepata jibu lenu. Ukipanda, nendeni kwenye seli, zipeni sitokini kwa viwango kadhaa vya ukolezi kwa dakika 15 hivi, mzigandishe na kupima kwa saitometa fosfeti iliyoongezwa kwenye STAT inayohusika, yaani protini inayopeleka ishara ndani ya seli: STAT5 kwa jamii ya interlukini-2. Wekeni sitokini ya asili kwenye sahani ile ile, siku ile ile, na seli za kundi lile lile, kwa sababu idadi ya vipokezi hubadilika kadiri seli zinavyokaa kwenye chakula chao, nayo pekee yaweza kuhamisha grafu yenu kuliko mabadiliko yote mliyoyafanya kwenye protini.